Hukumu ya mashine juu ya insha ya mwanafunzi: uhakiki wa vitambuzi vya maandishi ya akili bandia

0. Utangulizi

Tarehe 30 Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ya Marekani iliufungulia umma programu yake ya ChatGPT, ambayo huandika insha, barua na muhtasari kwa ombi la mtumiaji. Baada ya miezi michache tu, walimu wa vyuo vikuu katika nchi nyingi walijikuta mbele ya swali ambalo zamani liliwashughulisha zaidi wahariri wa miswada ya kale: maandishi haya ni ya nani? Jibu lilitafutwa upesi katika mashine nyingine. Mwezi Januari 2023 Edward Tian, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, alitoa programu iitwayo GPTZero. Mwishoni mwa mwezi huohuo OpenAI yenyewe ilitoa chombo chake. Tarehe 4 Aprili 2023 kampuni ya Turnitin, iliyokuwa tayari ikiviuzia vyuo vikuu chombo cha kufichua wizi wa maandishi, iliongeza humo sehemu ya kutambua akili bandia. Compilatio, kampuni ya Ufaransa ijulikanayo katika vyuo vitumiavyo Kifaransa, nayo ilifuata mwaka uleule.

Vyombo hivi vyote vinaitwa hapa vitambuzi. Kazi yao ni moja: kupokea insha na kurudisha tarakimu, kwa kawaida asilimia, inayodai kuonyesha ni kiasi gani cha insha hiyo kimeandikwa na mashine. Kutokana na tarakimu hiyo mwanafunzi huweza kuitwa mbele ya tume, kunyimwa alama, kurudia mwaka, au hata kufukuzwa. Kwa hiyo jambo hili si la mafundi peke yao. Kitambuzi ni msomaji, na hukumu yake ni aina ya uhakiki. Yafaa basi nacho kihakikiwe.

Makala haya yanachunguza kile kisomwacho na kitambuzi, makosa yake, watu wanaodhurika zaidi kwa makosa hayo, na mahali pa Kiswahili katika suala hili. Hoja itakayotetewa ni kwamba tarakimu ya kitambuzi haina hadhi ya ushahidi, kwa sababu haiwezi kuchunguzwa na yule inayemtuhumu. Na kwamba uzito wake humwangukia zaidi mwanafunzi aandikaye kwa lugha aliyojifunza shuleni.

1. Kile kisomwacho na kitambuzi

Kitambuzi hakielewi hoja ya insha. Hakijui kama mwandishi amesema kweli, wala kama amesoma vitabu anavyovitaja. Kinachopimwa kwanza ni kutabirika kwa maneno. Programu kama ChatGPT hujenga sentensi hatua kwa hatua, ikichagua kila mara kutoka miongoni mwa maneno yenye uwezekano mkubwa wa kufuata yale yaliyotangulia. Kitambuzi hupita njia hiyohiyo kinyumenyume: hupitia insha na kuuliza, katika kila hatua, kama neno lililotumika ndilo ambalo mashine ingelitarajia. Insha ikijaa maneno yanayotarajiwa, hushukiwa. Ikiwa na maneno ya kushtukiza, huachiliwa. GPTZero ilikuja na kipimo cha pili: sentensi zikitofautiana kwa urefu na ugumu huhesabiwa kuwa za binadamu, zikilingana huhesabiwa kuwa za mashine. Vyombo vya baadaye vimefunzwa kwa mifano mingi ya maandishi ya aina zote mbili, lakini navyo hutoa makisio juu ya mfanano tu. Hakuna hata kimoja kilichokuwapo mwanafunzi alipokuwa akiandika.

Udhaifu wa kipimo hiki ulionekana mapema. Mwaka 2023 iliripotiwa kwamba Katiba ya Marekani, iliyoandikwa mwaka 1787, ilipopitishwa katika kitambuzi ilitajwa kuwa kazi ya mashine. Sababu yake si ngumu kueleza. Maandishi hayo yamenakiliwa mara nyingi mno, na mashine zimefunzwa kwayo. Kwa hiyo kila neno lake linatarajiwa. Kitambuzi kilipima mazoea yake chenyewe na maandishi hayo, kikayaita mazoea hayo jina la mwandishi.

Kuna pia kosa kubwa zaidi ya hilo, la kuiuliza mashine ijishuhudie. Mwezi Mei 2023, katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Texas, mwalimu alibandika kazi za wanafunzi wake katika ChatGPT na kuiuliza kama ndiyo iliyoziandika. Wanafunzi waliokuwa wakikaribia kuhitimu waliona alama zao zikizuiliwa kwa sababu ya majibu hayo. Ilhali ChatGPT haina daftari la kila ilichowahi kumwandikia kila mtu. Inapojibu «ndiyo», inatunga sentensi nyingine tu.

2. Hesabu ya watuhumiwa

Wauzaji wa vitambuzi hutangaza asilimia zao kwa fahari. Ni lazima asilimia hizo zigeuzwe kuwa idadi ya watu ili maana yake ionekane.

Mfano wa kwanza ni chombo cha OpenAI, kilichotolewa tarehe 31 Januari 2023. Kampuni ilieleza wazi kwamba, katika majaribio yake ya maandishi ya Kiingereza, kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kwamba kilituhumu kimakosa asilimia 9 ya maandishi ya binadamu. Hebu lidhaniwe darasa la wanafunzi 200, ambamo 20 wametumia mashine na 180 wameandika wenyewe. Chombo hicho kingekamata watano kati ya wale 20, na kingewatuhumu 16 kati ya wale 180. Mwalimu angekuwa na watuhumiwa 21 mezani pake, na 16 kati yao hawana hatia. Tarehe 20 Julai 2023, kabla ya miezi sita kutimia, OpenAI ilikiondoa chombo hicho kwa sababu ya udhaifu wa usahihi wake. Kampuni iliyotengeneza mashine ya kuandika ilishindwa kutengeneza mashine ya kuitambua kazi yake.

Mfano wa pili ni Turnitin. Yenyewe ilitangaza kosa lisilofika asilimia 1 kwa kazi ambazo zaidi ya asilimia 20 ya maandishi yake yamedhaniwa kuwa ya mashine. Baadaye ilikiri kwamba, sentensi zikihesabiwa mojamoja, kosa hilo hufikia asilimia 4 hivi. Asilimia 1 huonekana ndogo. Lakini Chuo Kikuu cha Vanderbilt nchini Marekani, kilichokuwa kimepitisha kazi 75,000 katika Turnitin mwaka 2022, kilipiga hesabu na kuona kwamba asilimia hiyo moja ingeweza kuwa kazi 750 zilizotuhumiwa bure. Mwezi Agosti 2023 chuo hicho kiliifunga sehemu hiyo.

Mwaka huohuo Debora Weber-Wulff na wenzake walichapisha majaribio ya vyombo 14, wakahitimisha kwamba havikuwa sahihi wala vya kuaminika, na kwamba maandishi ya mashine yaliyobadilishwa kidogo yalivipita kwa urahisi. Yafaa ikumbukwe kwamba vyombo vimebadilika tangu wakati huo, kama vile mashine za kuandika zilivyobadilika, na takwimu za mwaka 2023 zisichukuliwe kuwa sifa ya kila chombo cha leo. Hata hivyo, somo la hesabu hii halizeeki: kosa dogo likizidishwa kwa maelfu ya wanafunzi huwa ni watu wenye majina, na mwanafunzi aliyeangukiwa na kosa hilo hahisi asilimia 1, bali hatia nzima.

3. Mwanafunzi aandikaye kwa lugha ya kujifunza

Kosa la kitambuzi haligawanyiki sawa. Mwezi Julai 2023 Weixin Liang, James Zou na wenzao wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha katika jarida la Patterns majaribio ya vitambuzi saba, ambavyo Turnitin haikuwa miongoni mwao. Walivipa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na insha 88 za wanafunzi wa darasa la nane wa Marekani. Insha za Wamarekani zilihukumiwa karibu bila kosa. Za wageni, kwa wastani, asilimia 61 hivi ziliitwa kazi ya mashine. Insha 18 kati ya 91 zilituhumiwa na vyombo vyote saba kwa sauti moja, na 89 zilituhumiwa na angalau chombo kimoja. Ni insha mbili tu zilizopita salama.

Sababu iko katika kile kilichoelezwa kwenye sehemu ya kwanza. Mtu aandikaye kwa lugha ya kujifunza hutumia maneno anayoyamiliki. Huchagua muundo aliofundishwa kuwa ni sahihi, huepuka utani na misemo asiyoiamini, na hurudia viunganishi alivyovizoea. Maandishi yake hutabirika kwa sababu amesoma kwa bidii na anaogopa kukosea. Kitambuzi huuona uangalifu huo na kuuita udanganyifu.

Watafiti hao waliongeza jaribio ambalo linastahili kutafakariwa na kila mwalimu wa lugha. Waliipa ChatGPT insha zilezile za wageni, wakaiamuru itajirishe msamiati uwe kama wa mzawa. Kiwango cha tuhuma kikashuka hadi karibu asilimia 12. Yaani, insha ya mwanafunzi mwaminifu iliposhikwa na mashine, ndipo ilipoaminiwa kuwa ya binadamu. Chombo kilichonunuliwa ili kuwazuia wanafunzi kuikimbilia mashine huweza, kwa njia hii, kuwasukuma wale wasiokuwa na haja nayo.

Jambo hili linazihusu moja kwa moja nchi kama Kongo. Mwanafunzi wa Lubumbashi au wa Bukavu huweza kuwa amelelewa katika lugha ya wazazi wake, akakulia katika Kiswahili cha mjini, akafundishwa kwa Kifaransa, kisha akalazimika kusoma na kuandika Kiingereza atakapotaka kuchapisha makala nje au kuendelea na masomo ng'ambo. Kazi yake ya chuo kikuu huandikwa katika lugha ya pili, ya tatu au ya nne. Wengine huandika kwanza katika lugha wanayoimudu, kisha hutafsiri kwa msaada wa programu. Majaribio ya Weber-Wulff na wenzake yaligusa hali hiyo pia: maandishi ya binadamu yaliyotafsiriwa na mashine kwenda Kiingereza yaliviongezea vitambuzi makosa, ingawa fikra zote zilikuwa za mwandishi.

Zaidi ya hayo, mapokeo ya vyuo vya Kongo humtaka mwanafunzi afuate umbo maalumu. Utangulizi wa kazi ya mwisho wa masomo hutakiwa kuwa na tatizo, maswali, nadharia-tete, mbinu, mipaka ya somo na mgawanyo wa kazi, kwa mpangilio huo na mara nyingi kwa sentensi zinazofanana kutoka kazi moja hadi nyingine. Mwanafunzi akiacha umbo hilo, mwongozaji wake humrudishia karatasi. Akilifuata kikamilifu, huwa ameandika kurasa ambazo neno lake kila moja linatarajiwa. Haki haiwezi kukubali kwamba mtu afundishwe kutabirika kwa miaka mingi, kisha ashtakiwe kwa kutabirika.

4. Kiswahili na suala la kutabirika

Vitambuzi vingi vilianza kwa Kiingereza. OpenAI iliwaonya watumiaji kwamba chombo chake kilifaa lugha hiyo pekee; Turnitin nayo ilianza na Kiingereza, ikaongeza Kihispania mwaka 2024. Kiswahili hakikuwa katika hesabu za kwanza, na chombo ambacho hakikupimwa kwa Kiswahili hakina cha kumwambia mwalimu juu ya insha ya Kiswahili, hata kikitoa tarakimu nzuri yenye nukta.

Lakini tatizo ni la ndani zaidi ya upungufu wa majaribio. Dhana kwamba ubinadamu wa maandishi ni kushtukiza haikubaliani na sanaa ya Kiswahili. Asemaye «haba na haba» huwa amekwisha kutabiriwa na wasikilizaji wake. Ladha ya methali imo katika kuijua kabla haijamalizika, na ufundi wa msemaji umo katika kujua wakati wa kuitamka. Utenzi hujengwa kwa beti za mistari minne, mizani nane kila mstari, na kina cha mwisho kirudicho kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Barua ya heshima hufunguliwa kwa salamu ambazo kila mpokeaji anazijua. Katika yote hayo mtu hajifichi nyuma ya kanuni: huonekana ndani yake. Watunzi wengi wa tenzi za kale, wakijua kwamba umbo ni la wote, walikuwa na desturi ya kujitaja mwishoni. Hawakutegemea ajabu ya maneno kuthibitisha kwamba kazi ni yao. Walisimama na kusema.

Aidha, shuku ya namna hii haikuletwa na mashine peke yake. Mwanafunzi asemaye «batoto» na «bitabu» mtaani Lubumbashi huandika «watoto» na «vitabu» darasani, kwa sababu Kiswahili sanifu amekipata katika vitabu. Kadiri anavyokiandika kwa usafi, ndivyo msomaji asiyemjua anavyoweza kusema: hii si lugha yake. Mwaka 2024 jambo kama hilo lilitokea hadharani kwa Kiingereza. Paul Graham, mwekezaji mashuhuri wa teknolojia, aliandika juu ya barua aliyopokea yenye neno «delve», yaani kuchimbua jambo, akilichukua kuwa dalili ya ChatGPT. Wanaijeria wengi walimjibu kwamba neno hilo ni la kawaida katika Kiingereza chao. Kisa hicho kinaonyesha kwamba binadamu naye huwa kitambuzi, na huwa na upungufu uleule: huyachukua mazoea yake kuwa kipimo cha lugha za wengine.

5. Ushahidi na mfanano

Watetezi wa vitambuzi wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Udanganyifu upo. Mwanafunzi aliyeagiza kazi nzima kwa mashine huwa hakusoma, na shahada yake humdhulumu yule aliyekesha. Mwalimu mwenye mamia ya kazi za kusahihisha huhitaji msaada. Tena wauzaji wenyewe, Turnitin ikiwamo, husema kwamba tarakimu isiwe msingi pekee wa adhabu, bali mwanzo wa mazungumzo.

Hata hivyo, tarakimu ikishafika mezani huongea kwa sauti kubwa kuliko onyo liliyoandamana nayo. Chombo cha kufichua wizi wa maandishi na kitambuzi huuzwa pamoja, mara nyingi katika ripoti moja, na mwalimu huvisoma kwa jicho moja. Navyo si sawa. Chombo cha wizi huonyesha chanzo: hiki ni kitabu, huu ni ukurasa, hizi ni sentensi mbili kando kwa kando. Mtuhumiwa huweza kuangalia, kukubali, au kueleza kwamba alisahau alama za kunukuu. Kitambuzi hakina chanzo cha kuonyesha, kwa kuwa maandishi ya mashine hutungwa upya kila mara. Husema tu: inafanana. Mwanafunzi hana ukurasa wa kuuchunguza wala shahidi wa kumhoji. Anatakiwa athibitishe kwamba jambo halikutokea, nalo ndilo fungu gumu kuliko yote katika mashtaka yoyote. Aliye na rasimu zilizohifadhiwa katika kompyuta yake huweza kujitetea. Aliyeandika kwa mkono na kupeleka karatasi kuchapiwa mjini hana historia ya faili ya kuonyesha.

6. Njia ya kuuliza

Iwapo tarakimu haitoshi, ni nini kitakachomsaidia mwalimu? Vyuo vya Kongo vina desturi ambayo thamani yake imeongezeka katika miaka hii: utetezi wa kazi mbele ya waamuzi. Mwanafunzi husimama, huulizwa kwa nini alichagua mbinu hii, data alizipata kwa nani, na ukurasa fulani una maana gani. Aliyeandika huweza kukosea, lakini ana njia aliyopitia na huweza kuisimulia. Desturi hiyo haihitaji kungoja kazi ya mwisho. Mazungumzo ya dakika kumi juu ya insha inayotiliwa shaka hutoa zaidi ya asilimia yoyote. Rasimu zikipokelewa kwa awamu, na maelezo ya usomaji yakikaguliwa mapema, shaka nyingi hazitazaliwa.

Njia hii nayo ina mipaka. Madarasa ni makubwa na waalimu ni wachache. Mwanafunzi mwoga huweza kunyamaza akiwa hana hatia. Na atakayeulizwa kwa Kifaransa juu ya kazi ya Kifaransa huweza kushindwa na lugha badala ya somo. Kwa shida hiyo ya mwisho, Kiswahili kina kazi ya kufanya. Hakuna sababu ya kitaaluma ya kumkataza mwanafunzi kueleza kwa Kiswahili kile alichoandika kwa Kifaransa. Aliyeielewa hoja ataivusha kutoka lugha moja hadi nyingine, pengine kwa Kiswahili cha mjini chenye maneno ya Kifaransa ndani yake. Aliyeipokea kutoka kwa mashine bila kuisoma atakwama kivukoni. Kipimo hicho kinawezekana mahali popote ambapo mwalimu na mwanafunzi wana lugha nyingine ya pamoja, na hakinunuliwi.

7. Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba kitambuzi hupima kutabirika, na kwamba kutabirika ni alama ya shule kabla hakujawa alama ya mashine. Umeonyesha pia kwamba kosa lake, hata likiwa dogo kwa asilimia, huwaangukia watu kamili, na huwaelemea zaidi waandikao kwa lugha zisizo za kuzaliwa nazo. Chuo chochote kinachofikiria kukitumia chombo cha aina hii kingefaa kuandika kwanza katika kanuni zake mambo matatu: kwamba tarakimu peke yake haitamwadhibu mtu, kwamba mtuhumiwa ataonyeshwa kila kinachodaiwa dhidi yake, na kwamba atasikilizwa, katika lugha anayoimudu, kabla ya uamuzi kutolewa.

Swali la nani ameandika ni swali halali. Waliozoea miswada ya kale wanajua kwamba hujibiwa kwa subira: kwa kulinganisha nakala, kuuliza waliokuwapo, na kukubali shaka pale isipoondoka. Mwanafunzi wa leo ana faida moja ambayo mtunzi wa karne zilizopita hana. Yu hai, yuko ng'ambo ya meza, na anaweza kuulizwa.